WhatsApp, Telegram na wenzao: mwalimu anayetaka kujifunza kazini aanzie wapi?

Tumezipima programu ambazo walimu wengi wa Tanzania na Kenya tayari wanazo kwenye simu zao: WhatsApp, Telegram, Facebook, YouTube na X (zamani Twitter). Kipimo chetu kina pande mbili. Mwalimu akiuliza jambo la darasani Jumatatu usiku, je, atapata jibu la kumsaidia kabla ya kipindi cha Jumatano? Na mwenzake akikwama palepale mwezi wa tisa, ataweza kulipata jibu hilo bila kuuliza upya? Upande wa kwanza WhatsApp inazishinda zote kwa mbali. Upande wa pili inaanguka vibaya, na huko ndiko maarifa mengi ya walimu yanakopotelea.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: WhatsApp iwe baraza la mazungumzo, Telegram iwe kabati la kutunzia. YouTube ya kutazama, Facebook ya kutafutia watu. Mwalimu mwenye simu moja na bando la wiki asijisumbue na zaidi ya hapo.

WhatsApp: baraza zuri, kabati bovu

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna wa kufundishwa. Mwalimu anayetuma salamu kwa shemeji yake anajua tayari kutuma picha ya ubao. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe husubiri ukapita wenyewe. Ujumbe wa sauti wa dakika 1 hula takriban KB 150 tu, kwa hiyo mwenzako anaweza kukueleza hatua za kufundisha silabi kwa dakika 2 na bando lisitikisike. Kwa masomo ya lugha sauti ni bora kuliko maandishi: matamshi hayaandikiki.

Kabla ya kujiunga na kikundi chochote, shughulikia simu yenyewe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti, video na nyaraka unapotumia data ya simu. Usipofanya hivyo kila picha ya sikukuu itajishusha yenyewe kwa bando lako. Kisha zima kuonekana kwa picha za vikundi kwenye matunzio ya simu, ili madaftari ya wanafunzi yasichanganyike na picha za nyumbani. Kwenye faragha, weka kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye vikundi ni wale tu uliowahifadhi. Mwisho, washa uthibitishaji wa hatua mbili: namba ya siri ya tarakimu 6 ambayo unaichagua mwenyewe. Hii ni kinga dhidi ya wizi uliozoeleka kwenye vikundi vya walimu: mtu anajifanya mwenzako, anakuomba "ule msimbo uliotumwa kwako kwa bahati mbaya", ukimpa msimbo huo anaichukua akaunti yako na kuanza kuwakopa wenzako pesa kwa jina lako. Msimbo unaokuja kwa SMS hapewi mtu yeyote, hata akiwa afisa elimu.

Sasa kikundi chenyewe. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024. Usifike huko. Kikundi kinachofundisha kina watu kati ya 25 na 60, somo moja, ngazi moja. "Walimu wa Tanzania" si kikundi cha kujifunza, ni soko. "Hisabati Darasa la III na IV" ni kikundi. Sababu yake ni rahisi: ukiwa na watu 300 swali lako linafunikwa kabla wanaojua hawajashika simu. Ukiwa na watu 10, siku wawili wakiugua na mmoja yuko safarini, kunakuwa kimya.

Weka viongozi 2 au 3, kamwe si mmoja. Kiongozi akiwa peke yake na akajitoa, WhatsApp inamkabidhi uongozi mwanachama yeyote bila kumuuliza, na anaweza kuwa mtu asiyefungua simu wiki nzima. Washa idhini ya wanachama wapya ili linki ikisambaa wasiingie wauza dawa za nguvu. Kanuni za kikundi ziandikwe kwenye maelezo ya kikundi na siyo kwenye ujumbe uliobandikwa juu peke yake, kwa kuwa ujumbe wa kubandika hukaa siku 30 kwa muda mrefu kabisa, kisha unadondoka na hakuna anayekumbuka kuurudisha.

Kanuni zisizidi nne. Zinazofanya kazi ni hizi: hakuna ujumbe baada ya saa 3 usiku; matangazo, michango na salamu za sikukuu zina kikundi chao; hakuna picha ya mtoto; kila swali lina darasa, mada na kosa lenyewe. Hiyo ya pili tunaomba ieleweke vizuri. Rambirambi ni utu wetu na hatusemi isiwepo. Ila msiba ukitangazwa katikati ya mjadala wa hesabu za sehemu, kila mtu anatuma pole, pole zinafika 50, na aliyeuliza kuhusu sehemu anaona aibu kuuliza tena. Fungueni kikundi cha pili cha ustawi, humo kila jambo lina nafasi yake.

Swali linaloleta jibu

Hapa ndipo walimu wengi wapya wanapokata tamaa, tena bila kujua kwa nini. Wanaandika: "Habari wapendwa, naombeni nyenzo za hisabati la nne." Anayetaka kusaidia hajui aanzie wapi, kwa hiyo anatuma faili la PDF la kurasa 80, au anakaa kimya. Aliyeuliza hafungui faili. Imeisha.

Linganisha na hili:

"Darasa la IV, kutoa kwa kukopa. Nimewapa 402 − 157. Zaidi ya nusu wameandika 355. Nimetumia vijiti vya kumi kumi, wakaelewa vijiti, wakirudi kwenye daftari wanarudia 355. Nyie pale kwenye sifuri mnapitaje?"

Mwalimu mzoefu akiona 355 hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua watoto hawakukosea kukopa, hawakukopa kabisa: kila safu wametoa ndogo kwenye kubwa, 7 kutoa 2, 5 kutoa 0, 4 kutoa 1. Jibu lake linakuwa fupi na la kutumika kesho yake: waandikishe 402 upya kabla ya kutoa chochote, kama mia 3, makumi 9 na mamoja 12. Wajumlishe wenyewe wahakikishe bado ni 402. Ndipo watoe, wapate 245. Ataongeza pengine kwamba vijiti na daftari vitumike kwa pamoja, mkono mmoja kwenye kitita na mwingine kwenye kalamu, maana mtoto akimaliza vijiti kwanza ndipo aandike, kwake hayo ni masomo mawili tofauti.

Angalia kilichofanya swali hilo lijibike. Limetaja darasa na mada. Limeleta kosa lenyewe, si malalamiko kwamba "watoto hawaelewi". Limesema kilichojaribiwa, hivyo hakuna wa kumwambia "tumia vijiti". Na limeulizwa kwa mtu anayefanya, si kwa mtu anayejua nadharia. Tunashauri kiongozi wa kikundi kipya aweke swali la namna hii mwenyewe katika wiki ya kwanza, hata kama jibu analo, ili wengine waone umbo lake. Kutuma kanuni ya kuuliza hakusaidii kama kuwaonyesha.

Ukipiga picha ya daftari, funika jina la mtoto kwa kidole au kwa karatasi kabla ya kupiga. Piga mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na ukurasa. WhatsApp hubana picha, na mwandiko wa penseli ukibanwa hausomeki; itume kwa ubora wa HD au kama hati. Azimio la kazi la watu kusoma tu litume kwa PDF. La watu kurekebisha litume kwa Word, ukijua kwamba majedwali yatavurugika kwenye simu. Faili lisizidi MB 5, vinginevyo wenye bando dogo hawataligusa.

Kinachoua vikundi

Kimya hakiji kwa sababu walimu ni wavivu. Mara nyingi kinakuja siku mwalimu mkuu au afisa elimu kata anapoongezwa. Kuanzia hapo nani ataandika kwamba zaidi ya nusu ya darasa lake wamekosa? Kikundi cha kujifunza na kikundi cha maelekezo ya kazi visichanganywe hata kidogo. Viongozi wa elimu wanaoupenda ujifunzaji wa walimu wao wanaweza kuusaidia vizuri zaidi kwa kubaki nje na kupokea muhtasari mwisho wa mwezi. Hili tunalisema kwa heshima zote, na tunalisema kwa mkazo.

Cha pili ni kufowadi. Tangazo la ajira lenye linki ya ajabu, waraka usio na muhuri, "hii nimeipata mahali". Ajira za walimu Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na za Kenya hutangazwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC); tangazo ambalo halipo kwao lifutwe na kiongozi papo hapo. WhatsApp inampa kiongozi uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye kikundi, autumie.

Cha tatu ndicho kilichotufanya tuipunguzie WhatsApp alama. Mwanachama anayeingia leo kwa kawaida haoni yaliyojadiliwa jana. Simu ikiibiwa bila nakala ya hifadhi, yote yamekwenda. Kutafuta ndani ya kikundi kunawezekana, ila ukiandika "sehemu" unaletewa na "sehemu ya kukutania". Jibu zuri la 402 kutoa 157 litaulizwa tena kila muhula, na yule mzoefu atachoka kulirudia.

WhatsApp: nyota 4 kati ya 5 kwa mazungumzo, nyota 1 kwa kutunza.

Telegram: kabati lenye rafu

Telegram inafanya kile ambacho WhatsApp inakosa. Kila kitu kiko kwenye seva zao, kwa hiyo ukibadilisha simu unaingia na kukuta faili zako zote. Faili moja linaweza kufika GB 2. Kikundi kinabeba hadi watu 200,000, ingawa hilo kwa mwalimu halina maana. Chenye maana ni mada: ndani ya kikundi kimoja unafungua chumba cha Namba Nzima, chumba cha Sehemu, chumba cha Vipimo, na kila mazungumzo yanabaki chumbani kwake. Unaweza pia kuficha namba yako ya simu kwenye mipangilio ya faragha. Kwenye kikundi cha WhatsApp namba yako inaonekana kwa wanachama wote, jambo ambalo walimu wengi wa kike hawalipendi, na wana sababu.

Kuna mtego mmoja. Ukianzisha kikundi binafsi cha Telegram, historia huwa imefichwa kwa wanaoingia baadaye. Fungua mipangilio ya kikundi, tafuta historia ya gumzo kwa wanachama wapya, uweke ionekane. Usipobadilisha hapo, kabati lako lina kufuli na ufunguo hauko kwa mtu.

Au fanya rahisi zaidi: anzisha chaneli. Kwenye chaneli wanaandika viongozi tu, wengine wanasoma. Kila wiki mwanachama mmoja wa kikundi cha WhatsApp anakuwa mtunzaji kwa zamu. Ijumaa anachagua majibu 2 au 3 yaliyosaidia, anayaandika upya kwa mistari michache (swali, kosa, njia, matokeo), anayapeleka kwenye chaneli na alama za utafutaji: #darasa4 #kutoa #sifuri. Kazi hiyo haizidi dakika 20. Alama zikubaliwe mapema na ziandikwe namna moja, maana #sehemu na #Sehemu_za_hesabu ni rafu mbili tofauti, na nusu ya majibu yatapotea kwenye ile ambayo hukuiangalia.

Simu ikijaa, ingia kwenye hifadhi ya Telegram usafishe kashe (nakala zilizoshushwa kwenye simu). Faili hazipotei, zinabaki kwenye seva na unazishusha tena ukizihitaji. Kwa kishikwambi kama vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na kisha kukabidhiwa walimu wa Tanzania, hili ni jambo la kila mwezi.

Walimu wa Kenya wazingatie jambo moja zito. Mwaka 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram izimwe kwa sababu ya chaneli zilizokuwa zikitumika kwa udanganyifu wa mitihani, na mwaka 2023 pia huduma ilikatika kipindi kilekile. Kabati lako likiwa Telegram peke yake, mwezi wa Novemba unaweza kulikuta limefungwa. Mwisho wa muhula wa pili shusheni yaliyomo, muyaweke kwenye folda ya Google Drive au kwenye kompyuta ya shule. Na chaneli yoyote inayodai kuwa na karatasi ya mtihani, usijiunge hata kwa kutaka kuona. Jina lako kwenye orodha hiyo halina maelezo mazuri.

Telegram: nyota 4 kwa kutunza, nyota 2 kwa mazungumzo, maana wenzako wengi hawaifungui kila siku.

Facebook, YouTube na X kwa haraka

Facebook bado ni mahali pazuri pa kumpata mwalimu wa somo lako aliye mkoa mwingine au nchi jirani. Tafuta kikundi, soma machapisho ya wiki 2 kabla ya kuandika, kisha mtu akijibu vizuri mara mbili tatu, mwalike kwenye kikundi chako kidogo. Usiweke maswali ya ndani ya shule yako huko. Kikundi cha wazi husomwa na wazazi, waandishi na mwajiri wako.

YouTube ni nzuri kwa kuona mkono wa mtu ukifanya: jaribio la kemia bila maabara, kukunja karatasi kwa jometri, wimbo wa herufi. Weka ubora wa 360p, ambao hula takriban MB 300 kwa saa, au shusha usiku kwa bando la usiku. Video za Ubongo Kids za Kiswahili zinampa mwalimu wa msingi mifano ya kueleza hesabu kwa hadithi. Kasoro yake ni kwamba huwezi kumuuliza aliyetengeneza video kuhusu darasa lako la watoto 90. Video ya dakika 5 iliyotumwa kwenye kikundi pamoja na swali moja ("pale dakika ya 2, sisi tungetumia nini badala ya birika la kioo?") ina faida kuliko orodha ya video 20.

X ndiyo iliyolea mijadala ya walimu duniani. #Edchat ya Marekani ilianza huko 2009. Kwa Tanzania ilizuiwa Mei 2025, na mpango wa kujifunza hauwezi kusimama juu ya mtandao usiofunguka. Kwa Kenya inafaa kufuata taarifa, lakini si mahali pa kuuliza kuhusu kutoa kwa kukopa.

Picha za watoto na vitabu vya wenyewe

Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usitume uso wa mtoto, jina lake, alama zake wala hali ya nyumbani kwao, hata kwenye kikundi cha watu 25. Unachotaka kujadili ni kosa lake kwenye daftari, na kosa halihitaji sura.

Vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa navyo viachwe. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ina Kenya Education Cloud. Tuma linki.

Muhula wa kwanza uende hivi

Tanzania tayari kuna jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambapo walimu hukutana shuleni. Msianzishe kitu kingine pembeni. Kikundi kiwe mwendelezo wa kikao. Mada iliyojadiliwa kwenye kikao ndiyo mada ya kikundi kwa wiki 2 zinazofuata: Jumatatu swali, Jumatano mtu analeta alichojaribu na kilivyokwenda, Ijumaa mtunzaji anapeleka kabatini. Kenya, mwalimu anayehitaji ushahidi wa TPAD (tathmini ya utendaji wa walimu) anaweza kutumia mihtasari hiyohiyo. Mwalimu mmoja mmoja atenge dakika 20, mara 3 kwa wiki, na saa nyingine zote anyamazishe kikundi.

Wiki 2 za kwanza soma tu. Wiki ya tatu jibu swali moja unalolijua. Wiki ya nne uliza la kwako, likiwa na kosa lenyewe ndani. Muhula ukiisha, hesabuni yaliyomo kabatini. Yakiwa chini ya 10, kikundi ni kikubwa mno au kina bosi ndani. Kifungeni, muanze upya na watu 25 mnaofundisha darasa moja.